Nusu ya Habari

Jumatatu, 6 Machi 1972
Tumetoka bandari yetu ya Gölcük asubuhi. Mvua. Selami wa injini alikuwa wa mwisho kushuka ngazi, akafokewa. Mkewe Gülizar anakaribia kujifungua — yuko kwa dada yake. Selami kaniambia: Kaka Nejat, wewe ndiye masikio yetu humu, ikija habari niwe wa kwanza. Nimemwahidi. Mtu wa redio anaahidi nini? Tukizama sisikii kitu.

Nyambizi yetu Karabatak imechoka. Wamarekani waliiunda kwa ajili ya vita vyao vikubwa, wakaitumia, kisha wakatupatia sisi Waturuki. Vibao vya kwenye valvu bado vya Kiingereza. Ikiwa juu inakwenda kwa dizeli, na dizeli hizohizo zinachaji betri. Ikiwa chini ni betri na mota tu — kimya mpaka unamsikia mwenzako akimeza mate.

Jumatano, 8 Machi
Mazoezi, kusini ya İzmir. Meli zinatutafuta, sisi tunajificha. Kutuma ujumbe marufuku, kusikiliza ruksa. Betri zikipungua tunapanda karibu na uso wa maji, tunachomoza bomba la hewa, injini za Selami zinawaka. Antena yangu nayo inatoka. Kwa hiyo tunavuta pumzi na kupata habari kwa wakati mmoja.

Zikinguruma tu, simu inalia kutoka nyuma, ni Selami. Kuna chochote, kaka? Hakuna. Anacheka, anasema basi mtoto ananingoja mimi.

Wamebishana jina, yeye na mkewe. Akiwa wa kike, yeye anataka Nazire, la mama yake. Gülizar anataka Feride.

Alhamisi, 9 Machi
Ujumbe umekuja asubuhi, bomba likiwa juu. Mtoto wa kike, mzima. Mama anatoka damu nyingi, hali mbaya, anamwita mumewe.

Nikampelekea kapteni. Alisoma, akavuta pazia la chumba chake. Akasema İzmir, bandari ya karibu ya kumshushia Selami, ni nusu siku. Tukiibuka mazoezi yamekwisha, na yeye ndiye atakayejieleza makao makuu. Lakini hakukataa. Aliniuliza.

"Wewe ni rafiki yake. Unaonaje?"

Neno moja tu lingetosha. Nikasema: tungoje ujumbe wa pili, afande, huenda damu imekata.

Kwa nini nilisema vile? Nadhani nilitaka kapteni anione mtu mzima, mwenye subira. Au niliona aibu kuomba jambo kubwa. Sijui.

Basi kapteni akatangaza nusu ya habari. Watu wakapiga makofi, hata waliokuwa wamelala. Mpishi Cafer akapika helva, haluwa ya unga na sukari, maana ndiyo iliyowezekana kwa vitu vilivyobaki. Kwetu helva hupikwa msibani pia. Yangu sikuigusa. Selami akaja mbio, mafuta mpaka viwikoni, akanibusu mashavu yote mawili. Akauliza: na mama yake? Nikasema ujumbe ulikuwa mfupi.

Ijumaa, 10 Machi
Leo injini zilipowaka, ujumbe wa pili ulikuja.

Gülizar amefariki. Jana jioni.

Nikausoma tena, nikidhani nimekosea herufi. Nikampelekea kapteni. Akasema Selami asiambiwe mpaka tufunge kamba bandarini. Wimbi likifunika bomba na yeye asizizime injini kwa kuwa akili yake iko kwingine, zitanyonya hewa ya humu ndani, yetu sisi sote. Nikauliza kama tunakwenda İzmir sasa.

"Sasa, kwa ajili ya nini?"



Simu ikalia. Kuna chochote? Hakuna. Ulimi haukukwama hata kidogo — hilo ndilo linaloniuma. Hakukata simu. Akasema, "Nimefikiri, kaka. Mtoto aitwe Feride. Nikifika nitamwambia mama yake ameshinda, nione atakavyoringa."

Mazoezi yamekwisha leo jioni. Kama kawaida. Tungeweza kuyakatisha jana.

Jumamosi, 11 Machi
Tumepita Mlango wa Çanakkale, juu ya maji. Pale ilipozama nyambizi Dumlupınar mwaka 1953 tulisimama kimya. Kila mwanamaji wa nyambizi anaijua habari ile: waliobaki hai chumba cha nyuma walizungumza na watu wa juu kwa simu ya boya lililoelea juu, mpaka waya ukakatika. Tukawaombea dua. Selami akaongeza ya kwake kwa sauti — Mungu amkuzie binti yake, na amweke mama yake.

Wote wakaitikia amina. Na mimi.

Cafer ameanza kunitazama. Kaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 12 Machi
Gölcük. Kamba zimefungwa. Dada yake Gülizar yuko gatini, amebeba kichanga. Hakuna mwanamke mwingine pale.

Kapteni kaniita. Atamwambia yeye mwenyewe, hapahapa chini kabla hajapanda ngazi, lakini anataka niwepo. Nikasema ndiyo, afande. Nilitaka kumwuliza kama atamwambia pia kwamba aliniuliza. Sikuuliza. Basi nitamwambia mimi? Lini? Leo?

Selami amekuja mlangoni kwangu. Shati safi, amenyoa, kajikata kidevuni. Anataka nimfunge kifungo cha kola. Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika. Anacheka, anauliza naandika nini siku zote hizi.

Nyuma yake kapteni anakuja, kofia mkononi. Selami bado hajageuka —