Nimewekwa Kufundisha Programu Nisiyoijua

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, na usishangae kwamba nakuandikia kutoka kwenye kompyuta ya mshindani wangu wa biashara, maana shida yangu imeanzia hapa hapa.

Mimi na mke wangu tuna duka la kuchapa kadi za harusi, mabango na vibandiko, mimi nachora chumba cha nyuma, yeye anachapa na kuongea na wateja huko mbele kwa kuwa mimi wateja nawachosha. Nimetumia programu moja ya kuchorea tangu enzi nina nywele, vidole vyangu vinaijua kuliko vifungo vya shati, lakini leseni yake ilipopanda tena mke wangu akasema, "Mzee wangu, tutachora mpaka lini ili tulipie kuchora?" akaifuta, akaweka programu huria, zile za bure ambazo watu wa kila mahali huzitengeneza pamoja, akajifunza mwenyewe, akanionyesha taratibu, nami nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa kitu. Vitufe vyote vimehama, nikibonyeza cha kukata mchoro unakua, kadi ya kwanza maua yakamwagikia jina la bwana harusi, na badala ya kusema nimeshindwa nikafuta kila kitu nikatoka mlango wa nyuma, nikaaga kwamba naenda kununua karatasi.

Nikavuka barabara kwa jirani, huyo huyo mshindani wangu, ambaye bado ana ile ya zamani, na tangu hapo kila alasiri nachorea kwake, narudi na flashi, nampa mke wangu achape, naye anawaambia wateja, "Ona kazi ya programu ya bure." Jirani ananicheka: "Shemeji akikukuta hapa atadhani umemficha mke mdogo."

Juzi mke wangu alishika kadi, akaitazama sana, akauliza, "Herufi hizi za mikia mirefu umezipata wapi?" Nikasema zimo humo humo, ingawa zilikuja na ile programu ya zamani. Akairudisha kadi kwenye rundo. Jioni akanijulisha kwamba ameniandikisha kuwafundisha wenye maduka wenzetu programu hiyo, Jumamosi, kwa projekta, kila mtu aone. Sijui hata kuchora duara. Nikikiri, atajua nimemfanya aseme uongo kwa wateja. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya mtaa mzima kwa ajili yangu. Au niugue tu?

Fundi wa Mlango wa Nyuma

*

Fundi, pole. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Usiugue. Watu wa umri wetu tukijifanya wagonjwa Ijumaa, Jumamosi tunaugua kweli. Na usidhani nakucheka kutoka mbali. Mimi nilipobadilishiwa simu nilimpigia mama mkwe nikitafuta tochi.

Lakini soma barua yako mwenyewe. Herufi za mikia mirefu zilikuja na programu ya zamani, zikaondoka nayo, na aliyeifuta ni mkeo kwa mkono wake. Alipokuuliza umezipata wapi, alijua hazimo. Alikuwa anakufungulia mlango wa mbele, bwana, nawe ukapitia dirishani. Mwingine angevuka barabara na kelele. Huyu amekupa mpaka Jumamosi useme kweli, na sidhani kwamba analala vizuri kuliko wewe.

Kwa hiyo zima hiyo kompyuta ya watu. Vuka barabara, ingia kwa mbele, subiri mteja atoke, umwambie: "Mama, kazi zote nilizifanyia kwa jirani, sijui hata kuchora duara." Usimlaumu kwa vitufe kuhama. Atakugombeza, nyamaza ugombezwe. Akimaliza, mwombe akae kando yako mchore kibandiko kimoja, cha jina tu. Muulize pia kama vitufe vinaweza kupangwa vifanane na ulivyovizoea, maana programu nyingi za aina hii zinaruhusu. Jicho la kuchora ni lako, halikufutwa na leseni.

Wateja waliosifiwa kadi zile, awaambie mwenyewe jinsi atakavyoona inafaa, na wewe usimame pale pale akiwaambia.

Jumamosi yeye afundishe, wewe ushike kipanya, ukosee ukutani wenzako wakiona. Wanaogopa kama wewe, na hakuna kitakachowatuliza kama kuona mtu mzima anakosea na bado yuko hai. Jirani naye mwalike.

Na maua yakimwagika tena, baki kwenye kiti. Karatasi mnazo za kutosha.