Umeme wa Ngazi na Maua ya Clive

Fleti Na. 4,
Larkfield Court,
Cheltenham,
Uingereza.

19 Februari 2023

Mpwa wangu mpendwa Rosalind,

Kosa wanalofanya watu wengi bili ya umeme wa pamoja inapopanda ni kutazama mlango wa jirani badala ya kutazama mita. Nimelitanguliza neno hili hata kabla ya salamu, nawe utanisamehe, maana ndilo lililoliponza jengo letu zima, na sasa linakufuata wewe huko Halifax.

Haya, salamu. Hujambo, mama? Mnaendeleaje na theluji ya huko? Kikohozi cha mumeo Edmund kimepoa? Na mtoto ameshaota meno? Mimi ni mzima. Goti hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi, lakini macho bado yanasoma na birika bado linachemka, kwa hiyo silalamiki.

Barua yako nimeipata. Unasema Clive amekutumia karatasi ya kampuni inayosimamia jengo: kila mwenye fleti akitia sahihi kukubali hesabu za umeme za miaka iliyopita, atapunguziwa kidogo ada ya mwaka huu, na mambo yaishe. Unasema utatia sahihi, kwa kuwa Clive ni baba yako wa ubatizo na hawezi kukushauri vibaya. Ndiyo sababu nimeketi kuandika. Fleti ya marehemu mama yako ni yako sasa, na haki iliyomo ni yako pia. Nisikilize kwanza, kisha uamue.

Unajua mambo yalivyo hapa. Ndani ya fleti kila mtu ana mita yake. Taa za ngazi, kengele ya moto na mlango wa mbele hutumia mita moja, iliyo katika kabati chini ya ngazi, na bili yake tunagawana. Taa chache na mlango mmoja haviwezi kula umeme mwingi. Hata hivyo kila majira ya baridi ada ilipanda, na kila ilipopanda tulilaumiana.

Lawama kubwa ilimwangukia Shireen, yule mama wa mapacha anayekaa chini. Ikavumishwa kwamba anachomeka mashine yake ya kufulia kwenye soketi ya korido. Clive, ambaye ni mwenyekiti wetu, alimchokoza mkutanoni mbele ya wote, sahani ya biskuti mkononi: "Shireen, mpenzi, hao wanao siku hizi wanakunywa umeme?"

"Wanakunywa maziwa, Bwana Clive," Shireen akajibu. "Njoo uwabadilishe nepi, utahakikisha mwenyewe."

Tulicheka. Kisha tukapitisha pendekezo la Clive, kwamba taa za ngazi ziwe za kubonyeza na zizimike zenyewe upesi, ili tubane matumizi. Watu wa hapa ndivyo tulivyo: ukituambia tujinyime tunaona fahari, ukituambia tuulize tunaona aibu. Hakuna aliyeuliza.

Taa hizo zilizimika kabla mtu hajafika ghorofa ya pili. Mwezi wa Novemba Enid Pargeter, jirani yangu wa mlango kwa mlango, alikuwa akipanda na maziwa yake, giza likamkuta katikati. Akaanguka, akavunjika nyonga. Yuko katika nyumba ya kutunzia wazee, na hawadhani atazipanda tena ngazi zetu. Wa kwanza kumtembelea hospitalini alikuwa Clive. Alimpelekea ua la okidi katika chungu, limefungwa utepe.

Baada ya hapo sikutulia. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na najua umeme haupotei, huenda mahali. Niliiomba kampuni ufunguo wa kabati, wakaniambia nimwombe mwenyekiti. Mwenyekiti akasema umepotea. Basi fundi wa kengele ya moto alipokuja na ufunguo wake kufanya ukaguzi, mimi na Shireen tukamwomba atuache tuchungulie.

Ilikuwa mchana, jua linawaka, taa zote za ngazi zimezimika. Mita za siku hizi zina kitaa chekundu kinachowaka na kuzima kadiri umeme unavyopita. Umeme ukiwa kidogo, nacho huenda polepole, kama mtu anayesinzia. Chetu kilikuwa kinakwenda mbio kama mapigo ya moyo wa mgonjwa wa homa. Ndani ya sanduku la swichi lililo kando ya mita kulikuwa na swichi moja isiyo na jina. Fundi akaizima, na kitaa kikatulia.

Muda si muda mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo. Clive akaingia anahema, glavu za bustani mikononi.

"Nani kazima? Washeni! Washeni upesi, yatakufa!"

"Nini kitakufa, Clive?" nikamwuliza.

Shireen ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo kabisa. "Maua yake."

Ni lile banda la kioo nyuma ya gereji yake, Rosalind. Okidi ni mimea ya nchi za joto, na kwa baridi yetu lazima ipashwe moto usiku na mchana. Waya ulipita chini ya changarawe mpaka kabatini mwetu.

"Kampuni wanajua," Clive akasema hatimaye. "Uenyekiti naufanya bure, Leonard. Hiyo ni shukrani ndogo tu. Tena nani humu sijampa ua?"

Tangu mke wangu afariki, kila Jumamosi nimekaa na mtu huyu kujaza chemshabongo ya gazeti. Alibeba jeneza la mama yako pamoja nami. Aliketi mkutanoni akatusikia tukimsema Shireen, naye akatia chumvi. Alituomba tukae gizani, huku akijua umeme unakokwenda. Na mama yako, katika baridi yake ya mwisho, alizima kipasha joto cha chumbani kwa sababu ada ilikuwa imepanda. Alivaa makoti mawili ndani ya nyumba yake, huku dirishani akiwa na okidi ya Clive, akimsifu Clive kwa kila mgeni. Hilo silimezi.

Sikumfokea. Jumamosi iliyopita alibisha hodi na gazeti kwapani. Sikumfungulia; nilisikiliza hatua zake zikishuka.

Sasa nikueleze karatasi ile. Kampuni inaliita jambo hili hitilafu ya waya. Sheria ya hapa inamruhusu mwenye fleti kuipeleka ada asiyoridhika nayo mbele ya baraza la nyumba, liamue kama ilikuwa ya haki. Kulipa peke yake hakukuondolei ruhusa hiyo. Lakini jambo ulilokwisha kulikubali kwa sahihi yako, baraza haligusi tena. Lile punguzo ni bei ya kukunyamazisha. Wala usiache kulipa ada kwa hasira, maana asiyelipa ndiye hushtakiwa kwanza, na fleti yenyewe yaweza kumponyoka. Lipa, huku ukiandika kwamba unapinga.

Shireen amekataa kutia sahihi. Mtoto wa Enid amekataa kwa niaba ya mama yake, nami nimekataa. Wengine wanayumba, kwa sababu Clive anawapitia mlango hadi mlango akisema, "Hata Rosalind wetu amekubali." Najua bado hujatia, na yeye anajua.

Nisalimie Edmund, na umbusu mtoto kwa niaba ya babu yake wa ngazi nyingi. Enid anakusalimu kutoka kitandani kwake. Shireen pia, pamoja na mapacha. Mungu awape afya, na nyumba yenye moto wa kutosha.

Leo hii, kabla hujaikunja barua hii, chukua karatasi ya Clive, andika juu yake "Sikubali", na uitume kwa kampuni.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye bila kupungua,

Leonard