Sahani Badala ya Ng'ombe

Muhoroni
11 Februari 1995

Shemeji Aron,

Habari za Silibwet? Za majani ya chai, za maziwa, za wazee? Mimi ni mzima wa mwili. Najipikia mwenyewe sasa, kwa hiyo hata huo uzima sijui utafika wapi.

Dereva wa lori la sukari atakupa boksi pamoja na barua hii. Usilikalie. Ndani kuna ile sahani ndogo ya muziki tuliyokuwa tukicheza kwenye ukumbi wa wafanyakazi, wakati mimi ni fundi wa mashine kiwanda cha chai na dada yako Chelimo anachuma majani. Unaikumbuka. Wimbo wa polepole, mwanaume mwenye sauti nzito kama anaimba akiwa ndani ya tangi. Karatasi ya katikati ilibanduka, hata jina la hao Wazungu hatukuwahi kulijua. Umebaki mwaka tu, 1984. Redioni sijausikia hata mara moja. Nadhani walionunua ni wawili: yule meneja msaidizi aliyetuachia sahani yake alipohama, na mama ya mwimbaji.

Kwa wimbo huo dada yako alikubali kucheza na mimi, na hatimaye akakubali mengine. Sasa tangu Novemba yuko kwenu na watoto wetu wawili, na barua zangu hajibu. Nataka arudi, shemeji. Tafuta gramafoni, umwekee. Usiseme neno. Wimbo utasema.

Shemeji yako,
Owiti


Silibwet
5 Machi 1995

Shemeji Owiti,

Salamu zimefika na boksi limefika. Hapa wote wako sawa isipokuwa goti langu, ambalo limekataa kushuka bondeni kwenye chai. Sijui limejifunza wapi uvivu. Watoto wako ni wazima. Yule mdogo siku hizi ananigombeza kwa Kikipsigis.

Kabla sijafika kwa wimbo, niseme kama mtu aliyekaa pembeni anatazama. Mama yetu alimpa Chelimo ng'ombe. Akaenda naye huko kwenu, akamkamua, akavisha watoto kwa hayo maziwa. Siku amekwenda mkutano wa akina mama wa kanisa, wewe ukamtoa huyo ng'ombe akaongezwa kwenye mahari ya ndugu yako Ogola. Chelimo anarudi, zizi tupu, na bwana anamwambia eti ng'ombe ni wa boma. Sasa umechukua kitu chenye miguu minne, umerudisha kitu chenye tundu moja. Mimi sisemi kitu. Natazama tu.

Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kwa Mwalimu Mathew, ambaye ana gramafoni na huifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Nikamwambia Chelimo kuna wimbo wa zamani. Akakaa. Sindano ikashuka.

Shemeji, alitoka mwanamke. Sauti nyembamba, mbio, magitaa yanapiga kelele na ngoma zinamfukuza kama mbwa. Kuku wa mwalimu walitoka nje. Mwalimu akauliza, "Huyu mama anakimbia nini?"

Chelimo hakucheka. Alisema, "Ng'ombe alimtoa. Sasa hata wimbo amebadilisha." Akachukua leso yake akaondoka.

Kabla ya kutuma kitu, uwe unakiangalia.

Kaka wa Chelimo,
Aron


Muhoroni
19 Machi 1995

Shemeji Aron,

Pole kwa goti. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Hiyo sahani ni ileile. Nilikwenda mpaka Kisumu kwa Mosoti, fundi wa redio, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akaweka vyuma vyake chini. Kumbe sahani ndogo kama hiyo huzungushwa kwa mwendo wa 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Zile kubwa ndizo za 33. Gramafoni ya ukumbini ilikuwa imekwama kwa 33. Kitufe chake kilivunjika kabla hatujaajiriwa, kwa hiyo sauti ya yule mama ikawa inavutika na kuwa nzito ya kiume, nasi tukadhani ndivyo Wazungu wanavyoimba. Na mimi ni fundi wa mashine, shemeji. Beringi ya mtambo ikilia kiwandani nilikuwa naisikia nikiwa kitandani. Hii sikuisikia.

Mwambie Mwalimu Mathew asogeze kitufe kwa 33. Yule mwanaume atatoka. Na umwambie Chelimo sikubadilisha kitu.

Mume wa dada yako, kama bado naitwa hivyo,
Owiti


Silibwet
9 Aprili 1995

Shemeji Owiti,

Wote wanakusalimu, hata Mwalimu Mathew, ambaye tangu barua yako anajiita mtaalamu. Mvua imeanza na majani yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma.

Tulifanya ulivyosema. Kitufe kwa 33, na mwanaume wako akatoka, taratibu, kama mtu anayeshuka mlima na gunia. Chelimo alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika kikombe cha chai na hakunywa. Nikamkonyeza mke wangu Joan, kwamba haya, shemeji ameshinda, tuanze kufunga mizigo ya watoto.

Halafu Chelimo akasema, "Mwalimu, rudisha pale pa haraka."

Akausikiliza, akaomba tena, kichwa kimeinama. Unajua alifika kidato cha pili, Kiingereza anakifuata. Kwa ule mwendo wa ukumbini maneno yalikuwa yanatoka kama ugali, hakuna aliyeyasikia. Sasa akawa anatufasiria. Huyo mama yuko stesheni na mizigo yake. Anasema ametumiwa maua, ametumiwa kadi, ametumiwa marafiki wa kumbembeleza. Anauliza, mwenye kutuma yuko wapi?

Mwalimu Mathew alicheka mpaka akakohoa. Chelimo akanigeukia. "Kaka, miaka hiyo yote huyu mama anauliza, na sisi tunacheza. Mwandikie Owiti hivyo. Na asitume kitu kingine. Aje."

Nimeandika kama alivyosema. Ng'ombe hakumtaja. Usidhani amesahaulika.

Shemeji yako,
Aron


Muhoroni
23 Aprili 1995

Shemeji Aron,

Huku pia mvua, barabara ya miwa imekuwa mto. Afya iko, usingizi ndio hauko.

Nimesoma, na sitajitetea sana. Nasema tu kwamba yule mwanaume nilikuwa nampenda.

Nitakuja. Kinachonizuia ni mikono mitupu. Ng'ombe yule Ogola alishampeleka kwa wakwe, na huwezi kudai mahari irudi bila kumrudisha bibi. Lakini jirani ana mtamba mweusi, mpole. Nimlete huyo? Niulizie Chelimo. Nimekosea nikiwa mbali. Sitaki sasa nifunge safari kuja kukosea karibu.

Shemeji yako,
Owiti


Silibwet
7 Mei 1995

Shemeji Owiti,

Hatujambo, tumelowa tu.

Mtamba wa huko asije. Baridi ya hapa itamwua na watu wa kwenu watasema tumemroga. Chelimo anasema mkutane siku ya soko la ng'ombe Siongiroi, wewe na yeye. Atachagua yeye. Wewe utalipa na kunyamaza. Usije na mzee wa kukusemea, wala ndugu.

Nilimwuliza kama na mimi nije, kwa maana ng'ombe nawajua. Akasema, "Wewe una goti."

Kaka wa Chelimo, mwenye goti,
Aron


Muhoroni
2 Julai 1995

Shemeji Aron,

Tumefika salama, wote wanne. Watoto wamelala mchana kwa joto, na yule mdogo akiamka ananigombeza mimi, sielewi hata neno.

Asante kwa kutupokea siku ile tulipotoka Siongiroi na ng'ombe. Nilikuwa nimeshapatana na dereva wa lori ng'ombe apakiwe pamoja nasi. Chelimo alipomfunga kwako, Joan akimshikia mwavuli, akaingia kwenye lori na watoto bila kueleza mtu, nilielewa, lakini kwa mwendo wa 33. Basi maziwa ni yenu na ndama watakuwa wake.

Jana Ogola alikuja. Akakaa, akala, akasifu mboga, halafu akauliza kwa upole kama ni kweli tumenunua ng'ombe, maana nyumbani kwake chai ni ya rangi siku hizi. Nikafungua mdomo. Chelimo akanitazama, nikaufunga.

Akamjibu mwenyewe. "Ni kweli, shemeji. Yuko kwa kaka yangu Silibwet. Nenda ukamwone."

Nadhani atakuja, kwa sababu ni Ogola. Mkaribishe. Mpe chai ya maziwa, mpe mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha kibuyuni, mpeleke mpaka zizini amwone ng'ombe kwa macho yake.

Kamba usimpe.

Shemeji yako,
Owiti
(Chelimo amesoma, amesema itumwe.)