Siku ulitoka ku defanse bila poda

Baba Neema mupendwa,

Ninakusalimia sana. Hapa Kilibula tuko, jua iko, samaki ndagala inapatikana, maji ya robine iko na matata yake ya kila siku. Minye niko muzima, nimenenepa kidogo, usinihurumie.

Nikuambie mapema: barua iyi haiko ya siri. Masomo yangu unajua penye iliishia, ku mwaka ya tatu ya primere, njo Neema ananirekebishia maandiko. Lakini maneno ni yangu. Na mbele ikufikie, nimeshaisoma ku robine, bamama bote ba foleni balisikia. Jirani yetu Mama Riziki aliniomba nirudilie penye panachekesha.

Sasa. Mudogo yako Amisi alifika. Alikaa, akakula bugali yangu na samaki mukeke, akachokoa meno, njo akatoa maneno: "Shemeji, kaka anaomba siku ya mahari ya Neema akuye akae ku kiti ya baba." Nikamuambia: "Kiti iko, shemeji. Acha nimuandikie kwanza."

Njo ninakuandikia.

Unakumbuka ile iniversite yenu ya bantu bazima? Siku moja ulirudia ku nyumba, macho inang'aa: "Mama Neema, nitaingia iniversite." Nilizani umekunywa. Mwalimu wa primere, na mvi zako pale juu ya masikio! Ukanifasiria: iko iniversite ya bantu benye kazi na batoto, muntu anasoma magaribi na siku ya posho, ile jumamosi. Kampusi moja iko hapa Uvira, ingine Bukavu, ingine Baraka, ingine Kalemie. Minye nilizani kampusi ni nyumba kubwa yenye maua. Kumbe yenu ya hapa Uvira, kule Nyamianda, ilikuwa mu etaji, chini banauza simenti. Mulikuwaka munashuka na vumbi ya simenti ku kichwa, bote wazee, ata bale hawajazeeka.

Na profesere wenu! Mmoja wa kampusi yote ine, sawa jogoo moja ya jirani bote. Akiwa Baraka, nyinyi ba Uvira munangoja. Mvua ikikata barabara, anabakia kule. Akifika, kitabu ya mwaka muzima munaimeza mu juma moja, mupaka macho inatoka.

Ninajua juu nilikuwaka pale ku mulango na beseni yangu ya mikate. Bantu balizani ninauza. Nilikuwa ninaangalia. Pasta mmoja alikuwaka analala tangu sala ya kufungua, akishituka anasema amina. Polisi mmoja alikuwaka anaogopa ekzame kupita risasi. Mama mmoja wa dispansere alikuwaka ananyonyesha mutoto juu ya silabusi. Na Mzee Mateso, mulimaji wa muchele wa Katogota, mwenye bajukuu! Alikuwaka anafika na matope mupaka ku magoti, viatu ndani ya sashe ya plastiki. Anaosha miguu, anavaa, njo anapanda ngazi. Weye ulikuwaka unamucheka kupita bote: "Ule mzee, diplome yake ataisomea panya ba muchele." Ulikuwa na kinywa tamu, Baba Neema. Tulichekaka.

Na ku nyumba ulikuwa mutamu zaidi. Siku ya Mungu, kiisha ibada, tulikuwaka tunakaa ku mukeka, majani ya sombe inaiva. Weye unalala, kichwa ku paja yangu, minye ninashika silabusi ninakuuliza maulizo. Nilikuwaka ninasoma polepole sawa muntu anatembea juu ya mawe ya moto: "Pla-ni-fi-ka-syo ni nini?" Unajibu na macho yako imefungwa. Siku moja ukanishika mukono wenye harufu ya kitunguu, ukasema: "Mama Neema, diplome iyi ni yetu bawili. Nusu ni yako." Maneno ile niliibeba mupaka soko. Uvira muzima ilijua kama minye niko nusu-lisansie.

Ikafika siku ya defanse, siku ya kutetea kitabu yenu ya mwisho. Hapa kwetu ata mbuzi inajua: muntu akitoka mbele ya juri na amepita, bantu bake banamumwangia poda. Kichwa, kostime, viatu, yote nyeupe. Mwenye anatoka mweupe iko na bantu. Mwenye anatoka safi ni yatima, ata mama yake akiwa hai. Njo nilikuya na poda boksi muzima, na bamama ba korale ya kanisa, na kikwembe mupya ya kutandika chini, ukanyage juu sawa mufalme. Neema alikuwa na gauni yake ya manjano, maua ku mikono.

Weye ulikuwa unasimama ku ngazi, kostime nyeusi, unaongea na bakubwa balitoka kampusi ya Bukavu. Na Madamu mmoja wa promosio yenu, mwenye mulisoma naye, ule wa kucha ndefu. Nikakupigia mukono. Mmoja wa bale bakubwa akauliza: "Uyu mama ni nani?" Ukaniangalia. Ukaangalia jasho yangu, ukaangalia boksi yangu ku kichwa. Ukamujibu mu kifaransa, sauti ya chini: ni mama anafulaka nguo ku nyumba.

Baba Neema, miaka yote ile nilikuwa ninakuuliza silabusi mu luga gani?

Neema pia alisikia. Kifaransa yake ilikuwa inaanza tu kuota meno. Akanivuta: "Mama, papa anasema nani anafulaka nguo?" Nikamuambia: "Shika maua yako."

Mulikuwa munaingia mmoja mmoja. Mzee Mateso alitoka mbele yako. Amepita. Akasimama ku mulango peke yake, viatu inang'aa, akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Bantu bake balibakia Katogota, juu maji ilikata barabara. Akaanza kushuka polepole, safi, sawa muntu anatoka kulipa kodi.

Njo kicheko ikanishika. Unajua kicheko yangu. Nikapiga kelele: "Bamama! Baba yetu njo uyu!"

Mama Riziki akaninong'oneza: "Lakini wetu haiko uyu..."

"Njo uyu! Mwanga!"

Tukamumwangia mupaka akakohoa. Alibakia macho na meno. Kikwembe yako alikanyaga yeye. Alikataa kwanza, akataka kuvua viatu asiichafule. Neema akamuvalisha maua, mzee akapiga magoti mutoto amufikie. Tuliimba mupaka bale ba simenti bakafunga duka, bakakuya kucheza.

Kiisha ukatoka weye. Umepita, na pwe, alama nzuri, ninakupa haki yako. Ukasimama. Poda ilikuwa imeisha. Barafiki yako ba Bukavu bakakupa mukono mmoja mmoja, sawa ku kilio. Madamu akaangalia saa yake. Na weye, ulizani sikukuona? Minye ninaonaka yote. Uliinama sawa muntu anafunga kamba ya kiatu. Ukaokota poda chini na bidole biwili, ile ilianguka ku mabega ya Mzee Mateso, ukajipakaa ku shavu. Ukasimama pale na musitari mmoja mweupe, sawa mbuzi yenye alama ya soko.

Foto iko. Mupiga foto aliniletea, niliitundika ku ukuta ya salo. Bageni banauliza, minye ninaeleza. Sichokaka.

Kesho yake nilienda ku ziwa kufula. Shati yako ya defanse ilikuwa mu beseni. Niliifula vizuri, ku kola, ku kwapa, juu ulikuwa umeshasema njo kazi yangu. Pale njo nililia, na maji ya ziwa haikuongezeka. Kiisha nikaipiga pasi, nikaiweka juu ya valize yako ya safari, valize nikaiweka inje. Ulibeba, ukafuata Madamu Bukavu.

Sasa nasikia bakakupa kazi ya kufundisha kule, kiisha bakakutuma Baraka, kiisha Kalemie. Kumbe jogoo ni weye! Na Madamu nasikia ameshapata bwana mwenye gari. Amisi alitaka kunificha. Nilimuongezea mukeke, akasema yote. Nasikia unafulaka nguo yako weye mwenyewe. Ku kola, tia sabuni kwanza, acha ikae, kiisha sugua. Usiwe na haraka.

Sasa maneno ya kiti.

Mzee Mateso, tangu siku ile, akivuna muchele hapitake mulango yetu bila kuingia. Ile diplome panya hawakuikula: anaongoza chama ya balimaji, na bazungu banamusikiliza. Neema alianza kusoma ku iniversite ile ile, ku etaji ile ile ya simenti, na kazi yake ku mukono. Mwenye anamuulizaka maulizo ya silabusi ni ule mzee. Nilimuuliza Neema mwenyewe: "Ku kiti ya baba tuweke nani?" Hakuwaza. Akasema: "Baba yetu njo ule. Si ulisema weye mwenyewe, mama?"

Nilicheka mupaka nikakaa chini.

Lakini kuya, usiseme nilikukataza. Viti bya plastiki ni mingi ya kubeba kutoka kanisa, na bavijana ba leo ni bavivu. Vaa ile kostime nyeusi, haikuchafuka. Bakwe bakiona muntu mukubwa anabeba viti, bataweza kuuliza: "Uyu baba ni nani?" Usijisumbue kujibu. Neema amesema yeye njo atajibu, na atajibu mu kifaransa.

Ninaishia hapa, juu maji imefika na bamama bananingoja. Bakia na diplome yako. Ile nusu yangu pia nimekuachia, ikupikie.

Ni minye,
mama anafulaka nguo ku nyumba.