Bingwa wa Vimeng'enya

Kwa Dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu za moyoni. Natumaini mguu umepoa na sasa unapanda ngazi bila kumtukana aliyezijenga. Sisi huku wazima, ukimtoa kaka yetu Bingwa, ambaye ni mzima kupita kiasi.

Baada ya kumzika Baba, daktari alituonya kwamba uvimbe wa utumbo mpana uliomwondoa hupenda kurudi kwenye ukoo, akatutoa damu mimi na Bingwa. Majibu yametoka. Daktari alieleza taratibu kwamba vimeng'enya, vile vitu vinavyovunjavunja chakula na sumu mwilini, havifanani: kuna waliorithi vya polepole, na kuna waliorithi vya haraka. Vya Bingwa ni vya haraka. Basi hapo masikio yake yakafunga duka.

Daktari aliendelea kwamba mwenye vya haraka akizoea nyama iliyoungua yumo hatarini zaidi, maana mwili huwahi kuyageuza yale masizi kuwa sumu. Si hukumu, akasema, ila apimwe utumbo kwa kamera. Bingwa alikuwa ameshasimama, anampa mkono kama aliyekabidhiwa kombe.

Tangu hapo hatupumui. Kinyozi anajua, muuza mkaa anajua. Juzi, mbele ya wageni, alimwita mkewe gari bovu la kusukumwa. Nyama anataka ibabuke hadi ifanane na kipande cha tairi, eti mashine yake haichagui. Debe tupu huvuma, Dada, ila la kwetu lina na king'ora.

Sasa kaa kitako. Shemeji amenong'ona kwamba Bingwa, ambaye tangu azaliwe hajasuuza hata kikombe, siku hizi anafua suruali zake mwenyewe na kuzianika nyuma ya choo. Shemeji ameona damu kwenye maji ya beseni. Kwa hiyo jamaa anajua. Majigambo yote yale ni woga uliovaa suti.

Na jingine sikukwambia: vyangu pia ni vya haraka. Nilikwenda kwenye kamera, wakakuta kinyama kimeota utumboni, wakakikata kabla hakijageuka kibaya. Bingwa sikumwambia, nilichelea kupongezwa.

Mimi kitinda mimba hanisikii. Wewe uliyembeba mgongoni atakusikia. Njoo, nawe upimwe. Ila ukifika usimtajie ugonjwa, wala Baba. Mwambie tu kuna kipimo hospitali ambacho mdogo wake amemtangulia.

Atakimbia mwenyewe.

Wasalimie wapwa zangu hapo nyumbani, na huo mguu ufunge vizuri: safari hii tunakutaka upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba