Nilivyozunguka Meli Nikimkimbia Mama Mkwe

Mtaa wa Sofia, Voi.
22 Septemba 2024.

Mpendwa Kukhu Ajiambo,

Tangu Nuhu ashuke kwenye safina, hakuna binadamu aliyeyajua maji kama mimi mjukuu wako. Ukisikia watu wa huko Busia wakijisifu kwamba wamevuka ziwa, waambie wanyamaze, Oundo ametoka baharini.

Kwanza hujambo, mke wangu? Magoti yanasemaje? Yule jogoo mwenye kiburi yuko hai au aliingia sufuria? Huku sisi ni wazima. Baba bado yuko reli, na bado anakoroma kushinda treni. Nimeandika barua kwa sababu simu wewe huiweka spika, na mambo haya sitaki soko zima liyasikie. Vaa miwani usome polepole.

Mable unamjua, yule msichana wa Mghange niliyekutumia picha, ukasema ana meno mazuri. Akina mama wa kanisa lao walichanga wakakodi meli ndogo ya watalii. Unatoka Malindi kwa bahari mpaka Kipini, halafu unapanda Mto Tana kuona viboko, unalala humo humo melini. Walitaka kijana wa kushika mitambo ya sauti, maana Wadawida, hawa Wataita wa huku, hawaendi mahali bila kwaya. Mable akasema naye anaenda. Nilijitolea kabla hajafunga mdomo.

Kufika pale meli ilipofungwa, Mable hayuko. Ameshikwa na mafua, na nafasi yake amempa mama yake.

Kukhu, wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Sasa baharini vichaka viko wapi? Na yeye hata hajui mimi ni nani, mpaka wazee wetu waende kunitambulisha Desemba. Kwake mimi ni kijana wa mitambo tu, tena mwembamba, na mama huyo akiona mtu mwembamba huruma humshika. Chakula cha meli hakiamini, kwa hivyo alikuwa amebeba kimanga chake kutoka nyumbani, mihogo iliyopondwa na maharagwe, bakuli zima. Akaanza kunifuata nalo.

Akija mbele, mimi niko nyuma. Akishuka chini, mimi niko juu. Mara moja alinibana mlangoni. "Kijana, unanikimbia nini? Nimekuwa simba wa Tsavo?" Nikamwambia spika inaungua, nikapita chini ya mkono wake na bakuli.

Hivyo ndivyo nilivyoipenda safari ya maji, kwa kukimbia. Nilijificha kwa injini mpaka fundi akanifanya msaidizi. Nilijificha jikoni nikamenya viazi huku bahari inapita kwa kidirisha cha duara kama televisheni isiyo na matangazo. Nilijificha kwa nahodha, Mkamba anaitwa Kaloki. Nikamuuliza Mkamba alijulia wapi meli na mito yao ni mchanga mtupu. Akasema ndiyo maana yeye akiona maji huyaheshimu, akaniachia usukani kidogo. Mable nimemwambia niliendesha mpaka Kipini.

Halafu mto, Kukhu. Maji rangi ya chai ya maziwa, viboko wanapiga miayo kama wazee wakisikiliza hotuba. Kwa treni nchi inakukimbia. Kwa mto inakungoja uiangalie. Nilisahau kazi, kwaya ikarudia wimbo mmoja mpaka viboko wakazama wenyewe. Nimeamua nikioa, fungate ni majini. Voi nitakuwa nakuja kusalimia tu.

Msalimie ami Wesonga, mwambie baiskeli yangu aitie upepo. Msalimie Christabel na mtoto wake, na Branice, ambaye najua anasoma hii nyuma ya bega lako. Branice, toka hapo. Mungu akuongezee miaka na akupunguzie baridi ya magoti.

Nilitaka kuishia hapo, lakini dhamiri inanisuta, usiku sili nikashiba.

Wakati wa kurudi, pale mto unapoingia baharini, maji hugombana. Meli iliruka. Nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, na kilikuwa yeye. Mikono yote miwili, kichwa kifuani, nalia mama, mama, mbele ya kanisa zima, kimanga kiko sakafuni. Akanipapasa kichwa, akasema, "Lia tu mwanangu, nimekushika."

Hilo la kumshika mama mkwe najua linataka kondoo wa kutakasa. Bila kutakaswa wazee wetu hawatapanda Mghange kuposa, na Mable ataenda kwa mwingine. Tafadhali waulize polepole kama kondoo mmoja anatosha.

Lakini kuna jambo wasiloweza kuambiwa, na Mable sijamwambia wala baba. Bahari ilitulia upesi. Akina mama wakaanza kuimba tena, na mimi nilijua imetulia, Kukhu. Sikumwachilia. Tangu tumzike mama, hakuna mtu aliyenishika hivyo.

Mume wako mdogo, anayekupenda,
Oundo