Chaza Aliyefungua Mdomo

Mama Zuhura, mke wangu,

Leo Zuhura kaleta ndoo ya chaza kutoka ufukweni. Kakaa uani, pale pale ulipokuwa ukikaa, na kisu chako mkononi, akiwagonga mmoja mmoja. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kofia. Nililia, sikufichi.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Ukimgonga akajifunga, mzima huyo, anaingia sufuriani. Akibaki mdomo wazi, kafa, tupa. Mimi nikigonga mmoja, wewe umeshamaliza kumi. "Baba Zuhura, kwa mwendo huu cha mchana tutakila magharibi!"

Unakikumbuka kitabu cha shule cha Zuhura? Kile chenye picha ya mnyama wa nchi za mbali, ananing'inia mtini kichwa chini, mzito wa kwenda mpaka mwani unamwota manyoyani. "Mwani juu ya mti!" Ulicheka mpaka kanga ikakudondoka. "Jamani, si wewe huyu?" Nami nikakwambia basi wewe ni chaza, jambo likikuingia moyoni halitoki. Ukabana midomo kama chaza kweli, ndipo tukacheka wote watatu.

Kweli hukuwa ukisema. Hata uchungu wa Zuhura ulipokushika, jirani ndiye aliyekuja kuniita shambani. Halafu asubuhi ile ya mwisho, Zuhura keshakuwa mkubwa, ukaniambia, "Baba Zuhura, tumbo hili leo siliwezi." Nikakujibu, "Nimalize kupulizia dawa mikorosho, keshokutwa tutakwenda." Ukasema, "Haya." Ukanifungia na muhogo wa kula shambani.

Keshokutwa tukapanda bajaji. Daktari akaniuliza, "Mzee, siku zote mlikuwa wapi?" Hukurudi nyumbani tena.

Nilikuwa juu ya mti kama mnyama yule wa kitabuni, mke wangu. Miaka yote ile ulikuwa umejifunga, siku moja tu ukafungua mdomo, na mimi niliyefundishwa na mikono yako mwenyewe sikuelewa. Korosho zilikuwa nyingi mwaka ule. Sizitaki hata kuziona.

Zuhura akaniita uani. Alikuwa amebakiza chaza mmoja, mdomo wazi. "Baba, huyu tupa." Nikamgonga. Nikamgonga tena, na tena. Mwanao akaniangalia tu, kimya, kama wewe kabisa.

"Mwanangu, unaumwa popote?"

"Siumwi, baba."

Nikamuuliza tena.

Lala salama, mama. Nisamehe.

Mumeo uliyemngoja,
Baba Zuhura